Hilo tone la supagluu usilitie

Mkuu, weka chini hiyo chupa kwanza. Umeuliza rangi ya kwanza ipakwe lini na gundi gani itashika kwa muda, halafu ukamalizia kwamba leo usiku unashikiza mbawa na kioo cha rubani vya modeli yako ya ndege ya plastiki kwa "tone dogo tu la supagluu", uone zinavyokaa, kisha ubandue. Mimi nilifanya hivyohivyo, na Spitfire yangu, modeli ya ndege ya kivita ya Uingereza ya kipimo cha 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), haikupona.

Boksi la vipande vyake nililetewa na shemeji kutoka Uingereza, nikakaa nalo miezi miwili nikisubiri likizo. Muuzaji mmoja hapa Dar akaniambia nitie tone, likigoma kutoka nifute kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Alisema kwa uhakika kama vile kazaliwa kiwanda cha modeli. Hadi leo nina hasira naye.

Nilitia kwa ncha ya kijiti cha meno. Asije mtu hapa kusema nilimimina; tone lile hata sisimizi asingelowa miguu. Nikafunika kioo, nikaenda kula. Narudi, kwa ndani kimeota ukungu mweupe, na ndani ya ukungu alama za vidole vyangu, mstari kwa mstari! Kumbe supagluu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo huganda palipo na jasho na mafuta ya ngozi. Polisi huibua alama za vidole kwa njia hiyohiyo. Unyevunyevu ndio unaouchochea, na unyevunyevu wa Dar mwezi wa nne unaujua mwenyewe.

Hapo bado pengine ningeokoa kitu kwa kusugua polepole. Lakini nikafuata nusu ya pili ya ushauri. Dawa ile ilikuwa na asetoni, na asetoni huyeyusha polistirini, ambayo ndiyo plastiki yenyewe ya modeli. Kioo kikalainika, kikajaa nyufa nyembamba kama nywele, nyuzi za pamba zikanasa humo. Nimetafuta kioo kingine cha ndege ile, sijapata.

Basi shika hili: gundi kama haitoki kwa maji, isiguse kioo chako wakati wa kujaribisha. Chukua gundi nyeupe ya shule, si ile ya mbao iliyoandikwa kwamba inastahimili maji. Tia kwenye kona mbili tu, kiasi cha kichwa cha pini. Ikikauka inakuwa angavu. Ukitaka kutoa, lowesha kwa maji ya uvuguvugu kwa pamba ya masikio, subiri dakika chache, usilazimishe. Gundi ya modeli nayo usiithubutu, maana hiyo inayeyusha pande zote mbili zikawa kipande kimoja.

Mbawa hazihitaji gundi kabisa, masking tepu, ule utepe wa karatasi wa mafundi rangi, inatosha. Ule udongo laini unaonata wa kubandikia mabango ukutani pia unashika vizuri, ila huacha mafuta, na rangi haitakamata mpaka uoshe.

Kioo chako kama ulishakishika kwa mkono mtupu, kioshe sasa hivi kwa sabuni ya vyombo, kikauke chenyewe, ukirudishe kwenye kimfuko chake. Na hiyo supagluu mpe fundi viatu.