“Amazing Grace” kwa vibonye vyeusi pekee

Umeuliza kama “Amazing Grace”, wimbo wa Kikristo, unaweza kupigwa kwa vibonye vyeusi vya piano pekee. Unaweza, kwa sababu melodia yake hutumia noti za do, re, mi, so na la tu, bila fa wala ti, na vibonye hivyo vinatoa noti hizo tano kamili. Anza na kibonye cha kushoto katika kundi la vibonye vyeusi viwili, ambacho ni so, kisha upande hadi cha kushoto katika kundi la vitatu linalofuata, ambacho ni do. Mstari wa kwanza utakuwa so, do, mi, do, mi, re, do, la, so. Mkono wa kushoto ushikilie do na so kwa upole, kwani kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kamili ya fa inahitaji kibonye cheupe.