Sivi jointi zinavunjika kwenye Subaru iliyoongezwa nguvu: kabla hujaagiza shafti za mamilioni

Pole sana mkuu. Umesema ni Impreza WRX ya 2003, gia za mkono, turbo umeweka kubwa, nguvu za farasi 380 hivi, na ndani ya miezi 8 umevunja sivi jointi tatu za nje (viungo vya upande wa tairi vinavyopeleka nguvu ya shafti kwenye tairi hata likikata kona), zote za mbele. Fundi anakwambia uagize shafti za mashindano. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo la kupita tu, ukataja kwamba gari umeinyanyua kwa spesa (vipande vya kuinulia) za inchi 2 kwa sababu ya barabara ya kwenu. Mimi naanzia hapo hapo.

Nina gari kama hiyo, na nimevunja jointi nne kabla sijaacha kulaumu spea. Ya kwanza ilinikuta Mbezi, natoka kwenye vumbi naingia Morogoro Road. Usukani nimeukata wote, nikaona upenyo kati ya daladala mbili, nikakanyaga. Ulisikika mlio mmoja tu, kama mtu kapasua mfupa wa ng'ombe kwa shoka. Injini ikapiga kelele, gari ikabaki inajikokota, maana difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, ilikuwa bado inapeleka nguvu kidogo nyuma. Tulipofungua tukakuta keji ya ndani ya jointi (ile pete yenye madirisha inayoshika gololi) imekatika vipande vitatu, kikombe (ganda la nje la jointi) kina ufa, na gololi mbili zimelala ndani ya buti (mpira unaofunika jointi) kwenye girisi kama mayai kwenye kiota. Nikashuka kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nikanunua jointi mpya ya bei chee. Ikamaliza wiki 5.

Sasa kabla hujanunua kitu, hizo jointi zako zilizovunjika zipo? Kama fundi hajazitupa, zioshe kwa petroli uziangalie vizuri. Kikombe kikiwa na makovu marefu, meusi, yaliyolika taratibu, hiyo imekufa kwa kukosa girisi au kwa kula mchanga. Kama njia za gololi bado zinang'aa lakini keji imepasuka kwenye madirisha yake, hiyo imekufa kwa pembe na mshituko. Na kama meno ya shafti yamejisokota, hapo kweli nguvu imezidi chuma. Kila kifo kina dawa yake, na shafti za mashindano zinatibu hicho cha tatu vizuri kuliko hivyo viwili vya mwanzo.

Nikikisia bila kuona, yako ni keji. Jointi ya nje ina gololi 6, na kazi ya keji ni kuzishika zote kwenye mstari mmoja unaogawa ile pembe katikati. Tairi zikiwa zimenyooka, gololi zote sita zinabeba mzigo karibu sawa. Ukikata kona, kila gololi inapanda na kushuka kwenye njia yake kwa kila mzunguko, mzigo hauendi sawa tena, na keji ndiyo inayominywa. Jointi ya nje inaruhusu kuinama kiasi cha digrii 45, lakini kuruhusiwa kuinama si sawa na kuruhusiwa kubeba nguvu zote ikiwa imeinama.

Weka sasa hizo spesa zako. Shafti ikiwa na sentimita 40 kati ya jointi na jointi, sentimita 5 ulizonyanyua ni digrii 7 za nyongeza. Digrii hizo jointi inazibeba muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka, kabla hujagusa usukani. Na nguvu nazo: chukua injini yenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya nyutoni-mita 400, gia namba moja ya uwiano wa 3.5, difu ya uwiano wa 4. Zidisha, unapata nyutoni-mita 5,600 zinazotoka kwenda kwenye tairi nne. Ukizigawa sawa ni 1,400 kila moja. Lakini hiyo ni hesabu ya daftari. Tairi likiruka-ruka, linashika, linaachia, linashika tena, kila linaposhika ni nyundo juu ya hiyo hesabu.

Kuruka huko ndiko kulikoniua mimi. Maunti ya gia boksi (mpira unaoishikilia) ilikuwa imechoka, bushi za ami za chini (mipira ya mikono inayoshika tairi) zimekuwa kama chapati. Fundi mmoja mzee aliniambia niweke gia, nishike breki, niachie klachi kidogo huku yeye anachungulia. Gia boksi ilikuwa inaruka kwa kiasi cha upana wa vidole viwili! Nilibadilisha maunti na bushi, nikarudisha kimo cha kiwandani na kuweka tairi zenye mwili mrefu kidogo kwa ajili ya mashimo. Jointi niliyofunga siku hiyo bado ipo. Kama lazima gari ikae juu, basi inyanyue kwa utaratibu, injini na gia boksi vishushwe kwa spesa zake pia ili pembe irudi. Kuweka spesa juu ya shokapu peke yake ni kuzihamishia jointi tatizo la barabara.

Kuhusu shafti za mashindano, sisemi ni mbaya. Ila jiulize, shafti ikigoma kukatika, kinachofuata kukatika ni nini? Kwenye gari yetu hii jibu linajulikana na kila mwenye turbo: ile gia boksi ya gia 5. Meno ya gia yake si ya kujivunia kwenye nguvu kama zako. Mimi naichukulia jointi kama fyuzi. Laki na nusu ikiungua inauma, lakini gia boksi ikipasuka utauza na hiyo turbo.

Spea: chukua shafti nzima iliyotumika Japani, yenye jointi za kiwandani, uifungue, uisafishe, uweke buti mpya. Kwa uzoefu wangu inaishinda ile mpya ya bei rahisi mara mbili. Hesabu meno ya shafti kabla hujalipa. Girisi iwe ile nyeusi ya molibidenamu, si ile ya bearingi ambayo mafundi wanachota kwenye ndoo. Na usikubali buti ifungwe kwa waya au kipande cha tyubu! Ile ya ndani upande wa kulia iko jirani na ekzosi, inakaangwa kila siku. Ukisikia harufu ya kitu kinaungua baada ya foleni, chungulia hapo kwanza.

La mwisho, kwa siku itakapokukatikia mbali na nyumbani. Ukitoa shafti, usiivute gari huku habu (kitovu ambacho tairi linafungwa) ikiwa tupu. Kile kijiti cha jointi ya nje ndicho kinachoibana bearingi ya tairi isiachane. Tenganisha kikombe na shafti, ukirudishe peke yake kwenye habu, kaza nati kwa soketi namba 32, na yale makombo ya keji yasibaki humo ndani. Shafti yenyewe iweke nyuma sehemu ya mizigo. Kisha mwambie wa breakdown aipakie gari juu, asiiburuze.