Ukija Mwanza, lipe jua mgongo

Mgeni wangu wa kwanza Mwanza nilimharibia siku. Alikuwa binamu yangu kutoka Dar, kaja kwa siku mbili tu, nami nilikuwa na miezi mitatu hapa lakini najiona mwenyeji kamili. Nikampandisha kilima cha Capri Point saa saba mchana. Mnaoyajua mawe ya Mwanza mmeshacheka. Majabali yalikuwa yamepata moto kama kikaango, kivuli hakuna, maji tumebeba chupa moja ndogo, na binamu miguuni kavaa kandambili. Tulipofika juu akalitazama ziwa, akaliona jeupe tu kama bati jipya. Akautazama mji, mabati nayo yakamchoma macho. Akaniuliza, "Sasa hapa tumefuata nini?" Nikakosa jibu.

Leo, baada ya miaka tisa na wageni wengi, jibu ninalo. Mahali nilipatia. Saa ndiyo niliyokosea, na upande wa kutazama pia.

Tazama mji ulivyokaa. Mwanza imekaa ukingo wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, ule mkono mrefu wa Ziwa Victoria unaoingia kusini. Jua huchomoza nyuma ya vilima vyetu na kuzama ng'ambo ya maji, upande wa Sengerema. Kwa hiyo asubuhi mwanga unalipiga ziwa, jioni unaupiga mji. Wageni karibu wote hufanya kinyume: jioni wanasimama kulikodolea jua linalozama, wanapiga picha ya duara la njano na kivuli cha mtu, basi. Picha hiyo unaweza kuipiga Tanga, unaweza kuipiga Kisumu. Geuka. Nyuma yako mawe yote ya Mwanza yamekuwa rangi ya asali, na nyumba zilizojibanza katikati yake zinaonekana moja moja, madirisha yanawaka.

Na mnaotoka Pwani, rekebisheni saa zenu kidogo. Nchi nzima tunafuata saa zile zile, lakini sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo jua la huku huzama karibu nusu saa baada ya la Dar. Ndugu zangu wa Dar wanapopiga simu kusema giza limeingia, hapa watoto bado wanacheza mpira. Usipande mlimani saa tisa ukakaa unaungua bure. Anza saa kumi na moja. Mwanga mtamu ni ule wa kuanzia saa kumi na mbili kasorobo mpaka kwenye saa moja kasoro, na ukiisha, unaisha ghafla, kwa hiyo uwe na tochi ya kushukia.

Capri Point, basi, nenda, lakini jioni. Ni rasi inayoingia ziwani, karibu kabisa na katikati ya mji, hata kwa miguu unafika. Chini ni majumba ya wenye nazo na barabara inayozunguka. Juu ni mawe matupu na njia za miguu. Jioni utakuta vijana wa mazoezi wanapanda na kushuka, ukiwafuata hupotei. Vaa viatu vyenye meno. Mawe haya ni matale, yaani graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, mvua na jua vimeyalainisha mpaka mengine yana mgongo wa kiboko, na yakilowa yanateleza kama sabuni. Mimi suruali yangu moja ilibaki huko.

Ukifika juu, kaa kimya dakika tano tu na mijusi itatoka. Dume ana kichwa na mabega ya rangi ya waridi, mwili wa buluu iliyoiva, na anapiga pushapu juu ya jiwe kana kwamba analipwa. Wataalamu wamempa jina la mji wetu kabisa, Agama mwanzae. Watalii wa kizungu humpiga picha kuliko wanavyolipiga ziwa, na siwalaumu.

Kutoka kileleni, upande wa mashariki utaona mji, bandari, na juu ya kilima chake hospitali ya Bugando, jengo kubwa lililofunguliwa 1971 ambalo sote tunalitumia kama dira. Ukipotea popote Mwanza, tafuta Bugando. Kuna mtu aliwahi kunishauri kwamba mandhari nzuri kuliko zote iko kwenye madirisha ya ghorofa za juu za hospitali hiyo. Huenda ni kweli, lakini usiende kumjulia hali mgonjwa asiyekuwepo. Pale watu wana yao.

Asubuhi ni zamu ya vilima vya upande wa pili, Isamilo na Mabatini, ambako jua linakuwa nyuma yako na mji mzima pamoja na ziwa uko mbele. Lakini kule ni makazi ya watu, na hapo ndipo nina neno na wapiga picha. Nyumba zimejengwa juu ya jabali, chini ya jabali na katikati ya majabali mawili. Ngazi unayopita ndiyo uwanja wa mtu, jiwe ulilosimama ndilo anapoanikia dagaa. Siku moja nimesimama natafuta pembe nzuri, sauti ikatoka nyuma, "Mwanangu, nguo zangu za ndani nazo zinaenda Facebook?" Nilikuwa nimesimama mbele ya kamba ya bibi mmoja na sikuiona, macho yote ziwani. Niliomba radhi mpaka akacheka. Tangu siku ile nikipanda kule napiga hodi, namwamkia kila ninayemkuta, na kwa wazee natupia "Mwangaluka" hata kama Kisukuma changu kinaishia hapo. Milango hufunguka. Bibi yule yule ndiye aliyenionyesha jiwe lake la kukalia, na kweli, kutoka pale unaona mpaka ng'ambo ya ghuba.

Ukipanda huko utaelewa pia kwa nini wenyeji mawe haya hawayaiti mandhari. Kina mama wanapanda ngazi zile zile na ndoo kichwani. Nasema hivyo ili usije ukakaa unasifia uzuri wa kilima mbele ya mtu anayehema.

Jiwe la Bismarck utaambiwa na kila mtu. Ni lile rundo la mawe ndani ya maji karibu na kivuko cha Kamanga, moja limekaa juu ya mengine kama litaanguka kesho, na Wajerumani wakalipa jina la kansela wao. Hili ni la kutazamwa, halipandwi. Kando yake kuna kijibustani, unakaa na soda yako. Na hapa, peke yake, nakuruhusu ulitazame jua, kwa sababu jiwe linabaki jeusi mbele ya anga nyekundu, na ndege waitwao wanandi wanakaa juu yake wamekunjua mbawa kukausha manyoya. Nusu saa inatosha. Na miguu isiingie majini, hata maji yakionekana safi vipi. Kichocho hakina adabu.

Kisiwa cha Saanane kina sifa kubwa na mimi nakipenda kwa kiasi. Kilianza kama bustani ya wanyama 1964, kikawa hifadhi ya taifa 2013, na ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 maji yakiwemo. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale. Boti ni dakika chache kutoka Capri Point. Nenda kwa ajili ya pimbi, swala na utulivu. Ukienda kwa ajili ya kuuona mji, utaona zaidi mgongo wa Capri Point.

Ukiwa na gari na nusu siku ya ziada, teremka Kigongo, kama kilomita thelathini hivi, ulione Daraja la JPM, yaani la John Pombe Magufuli, linalokatiza ghuba kwenda Busisi. Lina urefu wa kilomita 3 na lilifunguliwa Juni 2025. Sisi tuliolala kwenye foleni ya feri pale tunalitazama kwa macho mengine. Usisimame katikati ya daraja na gari kupiga picha. Litazame ukiwa ufukweni, asubuhi kutoka upande wa Kigongo.

Kabla sijafika ninakotaka kufika, mawili matatu ya hali ya hewa. Kati ya Juni na Agosti mashamba yanachomwa na vumbi linatanda, ng'ambo ya ghuba inafifia kabisa. Siku nzuri ni ile inayofuata usiku wa mvua: hewa imeoshwa, unaona mpaka miti ya upande wa pili. Lakini wingu jeusi likianza kujikusanya ziwani, shuka kutoka juu ya mawe mara moja, usingoje tone la kwanza, maana radi za ziwa hili si za kuchezea. Na ukiona moshi mweusi unapanda kutoka majini bila moto, si ajali. Ni wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni, wanapaa pamoja. Ni kitu cha ajabu kukitazama kwa mbali. Upepo ukikuletea, funga mdomo.

Sasa Kamanga, kule ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Mahali hapa sikupatafuta. Tulikuwa tumekwenda Sengerema kumzika baba wa mfanyakazi mwenzangu, tukarudi tumechoka, vumbi mpaka masikioni, tukaikuta feri ya jioni inapakia. Magari chini, sisi abiria juu. Watu wamenyamaza kama watu wa msiba wanavyonyamaza. Feri ikaondoka, na kwa kuwa Kamanga iko magharibi, jua likawa nyuma yetu na mji mbele yetu. Kwa karibu nusu saa Mwanza ikawa inakuja kwetu, polepole. Kwanza vilima vitupu vya kijivu, kisha vinaanza kuota madoa, madoa yanakuwa paa, paa zinakuwa nyumba. Bugando mbele, Capri Point mkono wa kulia, Kirumba na Bwiru kushoto. Kila jabali lina upande mmoja wa dhahabu. Mama mmoja aliyekuwa amelia kutwa nzima akasema, "Kumbe tunakaa pazuri hivi." Hakuna aliyemjibu, lakini wote tulikuwa tumesimama tunatazama.

Nilikuwa nimeishi hapa miaka minne, nimepanda kila jiwe, na sijawahi kuuona mji mzima mpaka siku ile.

Kwa hiyo wageni wangu sasa nawapeleka hivi. Tunavuka alasiri, tunakula samaki wa kukaanga upande wa Kamanga, halafu tunarudi na feri inayoondoka kwenye saa kumi na moja au kumi na mbili. Uliza ratiba ya siku hiyo kabla ya kuvuka, hasa feri ya mwisho. Nauli ni kidogo, chini ya utakayolipa kwa soda kwenye hoteli zenye baraza la ziwani. Panda juu mapema, kaa mbele, usikae upande wa injini. Picha za bandari na za askari achana nazo. Na kama mwenyeji wako ni mtu mzima na anakataa kupanda, usimlazimishe wala usimcheke. MV Bukoba ilizama karibu na hapa Mei 21, 1996, na zipo nyumba mjini humu ambazo hazijavuka maji tangu siku ile. Shangazi wa jirani yangu hunisindikiza mpaka kwenye kijibustani cha Bismarck, anatusubiri pale na mfuko wake wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa.

Binamu alirudi mwaka jana. Nilimwambia avae raba, hakuuliza kwa nini, na kilima hakukiona. Tulivuka, tukala, tukarudi. Alisimama mbele kabisa kashika chuma, akapiga picha mpaka simu ikazima, kisha akaendelea kusimama tu. Tulipogusa gati, magari yameshaanza kuwasha injini na watu wanasukumana kushuka, akanigeukia akaniuliza kama feri hii inarudi tena Kamanga leo.