Mbona kondoo hawaletwi kwenye chanjo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni mhudumu wa mifugo wa kujitolea huku Monduli. Tukitangaza chanjo ya ng'ombe watu wanajaa, tukitangaza ya sotoka ya mbuzi na kondoo (ule ugonjwa wa kirusi wa mafua na kuhara) wanakuja wachache, na bei yenyewe haifiki ya soda. Tatizo ni elimu au nini?

JIBU: Marahaba. Elimu ipo kidogo ila usianzie hapo, nyie mkikwama mnakimbilia semina wakati mfugaji kashapiga hesabu zake tayari. Muulize mara ya mwisho chanjo ilipokuja ilikuwaje. Mara nyingi ilikuja ugonjwa ukishaingia kijijini, na kondoo aliyeshabeba kirusi anaweza kuonekana mzima siku 4 hadi 6, sasa wewe unamdunga leo, keshokutwa anaanza mafua na kuhara, anakufa, chanjo haikuwahi kumkinga ila boma zima linasema sindano ndo imeua. Ningekuwa mimi nisingeleta tena! Kwahiyo chanjeni kukiwa shwari, na kama kuna boma lina dalili waambie wazi kabisa kabla ya kudunga kwamba baadhi wanaweza kufa na kwa nini.

Kuna na hofu ya mimba. Hii haikutoka hewani, chanjo ya zamani ya Homa ya Bonde la Ufa yenye kirusi hai inaweza kutoa mimba kweli, ila ya sotoka haina shida hiyo, majike wenye mimba wanachanjwa tu.

Halafu bei unayosema ni ya dozi, sio ya mfugaji. Chupa nyingi zina dozi 100 na ukishachanganya unga wa chanjo na maji yake una masaa machache tu, kwenye joto ni machache zaidi, inayobaki unamwaga. Mama wa kule Ngaramtoni mwenye kondoo 12 nani atamfungulia chupa? Unganisheni majirani mpaka chupa itoshe, na nyie ndo mwende zizini asubuhi kabla hawajatoka, maana kuwaswaga mpaka kituoni ni siku nzima ya malisho imepotea. Na ongeeni na huyo mama mwenyewe, baba anaitwa mkutanoni lakini kondoo wanaoumwa anawajua mama, ingawa hela ya sindano mara nyingi ni ya baba, kwahiyo wote wawili.

Wenye kondoo wekundu wa Kimaasai ndo wagumu zaidi, na wana sababu, ile mbegu inastahimili minyoo kweli kuliko Dorper, wale kondoo wa kigeni wa nyama. Ila minyoo ni minyoo, sotoka haichagui mbegu. Mwenye Dorper alizonunua kwa hela nyingi huhitaji hata kumbembeleza.

Boksi la barafu lifungue mbele yao waone kipimajoto kiko kati ya nyuzi 2 na 8, wafugaji wetu wanaangalia sana anayedunga ni nani na dawa katoa wapi.

Na hili sijui kwa nini halisemwi: dozi moja inakinga si chini ya miaka 3. Wengi wanagoma wakidhani ni mchango mwingine wa kila mwaka. Baada ya kuchanja kundi lote, mwaka unaofuata mnarudi kwa wadogo waliofikisha miezi 4 na wageni walionunuliwa mnadani, basi. Andika kwenye daftari la kila boma nani kachanjwa lini, na daftari libaki kwao.