Jibu: Betri ya alamu imevimba, je, nichaji tu?

Bosi, umesema alamu yako hapo Donholm inapiga kelele kila stima ikipotea na betri imevimba. Usiichaji tena. Betri hizo za risasi (yale madini mazito, si ya bunduki) za volti 12 hudumu kama miaka 3 hadi 5, na ikishavimba imekwisha.

Kwanza, kama nyumba inaangaliwa na kampuni ya ulinzi, wapigie simu wasije kukuletea gari la walinzi bure. Zima stima ya alamu, vua pete, toa waya mweusi kisha mwekundu. Ukirudisha, anza na mwekundu. Ukizigeuza, utaunguza fyuzi, pengine bodi nzima ya alamu (ile sahani ya saketi ndani yake, ndiyo inayochaji betri).

Lakini usilaumu betri peke yake, pima chaja pia. Betri mpya ikijaa, mita isome karibu volti 13.5 hadi 13.8. Ikikaa juu ya 14.5 siku nzima, bodi ndiyo mbovu, na hata mpya itavimba. Mafundi wengi hubadilisha betri, wakachukua pesa, wakaenda zao bila kupima.

Ya gari usiweke, hata kama jirani anakuuzia bei poa: hutoa gesi inayolipuka, na chaja ndogo ya alamu haiiwezi. Lithiamu pia hapana, isipokuwa mtengenezaji wa alamu ameiruhusu.

Ile kuukuu funika vichwa vyake (pale waya hushikia) kwa selotepu, uirudishe dukani au kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Isiishie jalalani Dandora. Madhara ya risasi tumeyaona Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi.