Mtungi wa Nyanya na Dhahabu ya Wajapani

*Safu ya maswali ya wasomaji*

Nyanya alituachia dapi, mtungi wake wa maji. Tulipohama nyumba ulianguka ukavunjika vipande vinne, na kipande kidogo cha mdomo kikapotea. Nimeona kwenye simu Wajapani wakiunga vyombo kwa dhahabu. Naweza kufanya hivyo kisha niurudishie maji? – Msomaji, Kondele, Kisumu

Pole sana, dada. Kuunga inawezekana. Kurudishia maji hapana, na dhahabu huihitaji.

Ufundi uliouona huitwa kintsugi, lakini dhahabu si gundi. Kinachoshika ni urushi, utomvu wa mti wa Asia ya Mashariki ulio wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Fundi huuchanganya na unga wa ngano na maji kidogo, hupaka kingo, kisha hukiweka chombo ndani ya sanduku lenye unyevu wa asilimia 70 hadi 85 kwa wiki moja au zaidi. Hapo ndipo wanaojaribu hukosea: wanakianika juani. Urushi hugandishwa na kimeng'enya chake chenyewe, nacho hufanya kazi penye unyevu tu. Ukiwa mbichi hubabua ngozi, kama utomvu wa embe unavyobabua midomo ya baadhi ya watu, ila kwa ukali zaidi. Unga wa dhahabu hunyunyizwa mwisho kabisa, juu ya mstari wa urushi ambao bado unanata. Vifurushi vingi vya kintsugi vya bei rahisi ni gundi ya epoksi na unga wa rangi ya dhahabu, na havifai kwa chombo cha kulia.

Dapi nayo hupoza maji kwa sababu udongo uliochomwa kwa moto wa wazi hubaki na vinyweleo. Maji hupenya hadi nje, hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Kiungo kinacholowa usiku na mchana hulegea. Ukipaka vanishi ili usivuje, umeziba jasho, na mtungi usiotoka jasho haupozi. Kwa hiyo uunge ukae sebuleni.

Tumia gundi nyeupe ya mbao, ile isiyostahimili maji. Ubaya wake kwa fundi seremala ndio uzuri wake kwako: mjukuu wako akitaka kurekebisha kazi yako, ataulegeza kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Epoksi haikubali, ukiivuta hutoka na udongo. Supagluu hunywewa na udongo na hukauka kabla hujanyoosha kipande.

Sugua kingo kwa mswaki mkavu, mlaini, bila sabuni. Weka namba kwa chaki, kisha unganisha vyote kwa karatasi ya kunata bila gundi, uone kipi kinatangulia. Usiruke hatua hii, maana kipande cha mwisho hukosa njia ya kuingia kama viwili vilivyotangulia vimejibana. Changanya gundi sehemu moja na maji sehemu tatu, paka kingo zote, acha hadi kesho. Bila mpako huo udongo hunyonya gundi yote na kiungo hubaki kikavu. Siku ya pili paka gundi nzito upande mmoja tu, nyembamba, ubane kwa blada ya tyubu bila kukaza sana, na usimamishe mtungi kwenye beseni la mchanga ili uzito ukandamize kiungo. Kipande kimoja kwa siku. Pengo la mdomo lijaze kwa kigae cha chungu kingine kilichosagwa na kuchanganywa na gundi. Usisage hata chembe ya dapi yenyewe.

Mstari utaonekana, uache. Kintsugi haifichi ufa. Katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo kuna bakuli liitwalo Bakohan, limeungwa kwa pini za chuma zinazoonekana wazi, na limeenziwa hivyo kwa karne nyingi.

Bakuli langu la jiwe la Kisii limechubuka na lina doa la mafuta. Nilipake mafuta lote lifanane? – Msomaji, Nakuru

Hapana. Mafuta huzidi kuzama na kukusanya vumbi. Doa lipake uji mzito wa chaki iliyosagwa na maji, funika kwa nailoni saa 24, bandua, rudia mara mbili au tatu. Kwa michubuko tumia msasa wa maji, ndani ya beseni: namba 240, 400, 800, mwisho 1200. Ukiruka namba, mikwaruzo hujitokeza baada ya nta. Usisugue jiwe kavu, vumbi lake hudhuru mapafu. Kausha siku mbili, lianike hadi lipate vuguvugu, paka nta ya nyuki kidogo, futa kwa kitambaa. Kama limetiwa rangi, msasa utaiondoa. Hilo mpelekee mchongaji wa Tabaka, kule Kisii.

Kikundi chetu cha ngoma ya isukuti kinataka kuchapa sankofa, ndege anayetazama nyuma, kwenye sare. Ni sawa? – Msomaji, Kakamega

Sankofa ni alama ya adinkra ya Waakan wa Ghana: rudi ukachukue. Huko Ntonso, karibu na Kumasi, mihuri ya kuchapa alama hizi kwenye kitambaa huchongwa kwa kibuyu, na wino hutoka kwenye magome yaliyochemshwa. Zamani kitambaa hicho kilikuwa cha msiba hasa. Sheria ya hakimiliki ya Ghana ya 2005 inaihesabu michoro ya adinkra kuwa sanaa ya jadi, na haki zake zimewekwa mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Mkizichapa, andikeni ni za nani, msiseme tu "alama ya Kiafrika".

Lakini mna zenu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingia mwaka 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma tatu, baba, mama na mtoto, zinatosha kifuani.