Mwanangu Zuhura, usitie sahihi karatasi ile

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unaniuliza kama upokee shilingi 400,000 anazokupa kijana aliyekugonga kwa gari na kukuumiza goti kwenye kivuko cha waenda kwa miguu pale Ubungo, utie sahihi karatasi inayosema huna madai tena, au udai fidia kwa njia ya sheria, jambo ambalo wenzako wanakwambia halina mwisho. Unasema amekuja mara mbili na mama yake, wakakuletea machungwa, nawe unaona haya kumdai mtu aliyekuja kukujulia hali. Jibu langu ni kwamba pole yao uipokee kwa moyo mweupe, lakini karatasi ile usiitie sahihi.

Unajua ninavyolichukulia jambo la goti. Mwaka 1998 marehemu baba yako aligongwa na gari la mizigo akiwa juu ya baiskeli. Mwenye gari alimletea shilingi 60,000, naye akatia sahihi siku ya nne, goti likiwa bado limevimba na hakuna aliyejua ndani yake mna nini. Uvimbe uliposhuka ndipo tulipogundua kuwa goti halimshiki: akishuka ngazi lilikuwa likimponyoka, na akijigeuza kitandani usiku nilikuwa nalisikia likialika. Wewe mwenyewe unakumbuka alivyoswali juu ya kiti hadi alipofariki dunia, maana kusujudu kulimshinda. Tulipokwenda kuomba msaada wa matibabu, tulionyeshwa ile karatasi yenye sahihi yake, tukarudi nyumbani.

Kuhusu kuona haya kumdai, fahamu kwamba Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari linalotembea barabarani kuwa na bima inayomlinda mtu mwingine atakayeumizwa na gari hilo. Hata ile inayoitwa bima ndogo imewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Kwa hiyo, kama bima ya gari lile ilikuwa hai siku ya ajali, atakayelipa hasa ni kampuni ya bima iliyopokea ada, wala humpokonyi kijana yule riziki yake. Chukua namba ya gari, uhakiki stika yake ya bima katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kisha uiandikie kampuni mapema na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili nawe ulikuwa ukienda sokoni, usihangaike na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ule ni wa wanaoumia kwa sababu ya kazi.

Sasa goti lenyewe. Eksirei uliyopigwa inaonyesha mifupa. Kano na gegedu zilizochanika haizionyeshi vizuri, ndiyo maana kuambiwa "hakuna mfupa uliovunjika" hakutoshi. Nenda kwa daktari bingwa wa mifupa, na akiona inafaa upigwe picha ya MRI. Mwombe aandike goti linakunjika kwa kiasi gani, kama linayumba, kama utahitaji upasuaji, na baada ya matibabu akadirie asilimia ya ulemavu wa kudumu kama upo. Wewe ni mwalimu, unasimama mbele ya watoto kutwa nzima, na jambo hilo nalo liandikwe. Mazoezi ya viungo uliyopangiwa usiyakose hata siku moja, kwanza kwa afya yako, na pia kwa sababu mdaiwa ana haki ya kusema kwamba uliyaacha maumivu yakue.

Miaka niliyokaa masijala ya mahakama niliona watu wenye haki kabisa wakiondoka na pungufu kwa kukosa vipande vya karatasi. Gharama ulizokwisha kuzitoa huwa zinatajwa moja moja katika madai na kuthibitishwa moja moja: dawa, magongo, kipimo, hata nauli ya bajaji ya kwenda kliniki. Maumivu na kupungua kwa maisha yako hakimu huyakadiria mwenyewe, ila risiti hawezi kukutungia. Basi tunza PF3, ile fomu ya matibabu uliyopewa polisi, na ufuatilie kesi ya trafiki mpaka mwisho, kwa kuwa hati ya mashtaka, ramani ya ajali na nakala ya hukumu ndivyo vitu ambavyo kampuni ya bima huviulizia kwanza. Dereva akitiwa hatiani, ubishi wa nani alikosea unakuwa umepungua sana.

Muda unao, lakini si wa kuchezea. Madai ya namna hii hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, na mazungumzo na bima yanaweza kula mwaka mzima kabla hujashtuka. Wakikuletea hati ya malipo yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho", isome kwanza na wakili, na usiikubali kabla daktari hajasema goti limefikia mwisho wake wa kupona.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nije. Nitakuletea jalada lenye mifuko, tuzipange risiti kwa tarehe, na kijana yule akija tena na mama yake, nitakaa nao mimi na kuwaeleza haya yote kwa upole.

Mama yako